Faili la Pensheni: Safari Yake kutoka Kisumu hadi Bima House, Nairobi, na Jinsi Pesa Zinavyorudi

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukikaribia, simu zinaanza. Mwalimu wa Vihiga, afisa wa kilimo wa Busia, dereva wa wizara aliyemalizia kazi Nakuru. Swali ni lile lile: "Nimestaafu, mshahara umekatika, pensheni iko wapi?" Nimefanya kazi masjala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, Kakamega kwanza kisha Kisumu, na jibu langu halijabadilika sana. Mara nyingi pensheni haichelewi siku ya mwisho. Ilichelewa zamani, siku karatasi moja ilipokosa kuingia kwenye faili, au jina lilipoandikwa kwa herufi moja zaidi, na hakuna aliyeona.

Mwongozo huu ni wa waajiriwa wa serikali kuu ya Kenya na walimu wa TSC, tume inayowaajiri walimu wa umma. Wanajeshi wana sheria yao, na polisi na askari wa magereza wana kanuni zao kuhusu umri. Mashirika ya umma na vyuo vikuu vina mifuko yao. Walioajiriwa moja kwa moja na kaunti kwa kawaida wako kwenye mifuko iliyorithiwa kutoka mabaraza ya miji, kama LAPFUND na LAPTRUST. Kama wewe ni mmoja wao, hatua za karatasi hapa zitakufaa, lakini hesabu zitakuwa tofauti.

Kwanza: jua uko mpango gani

Kuna mipango miwili, na watu wengi wanaichanganya.

Wa zamani unatawaliwa na Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Hapo hukuchangia chochote kwa ajili ya pensheni yako mwenyewe; serikali ndiyo inayolipa yote kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, na kiasi chako kinategemea mshahara wako wa mwisho na miezi uliyofanya kazi.

Wa pili ni mpango wa kuchangia, PSSS, uliotungiwa sheria mwaka 2012 lakini ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa kwa lazima. Waliokuwa na miaka 45 na zaidi walipewa hiari ya kuingia au kubaki walikokuwa. Kila aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu baada ya hapo yuko PSSS.

Sasa piga hesabu ndogo. Aliyekuwa na miaka 45 mwanzoni mwa 2021 atafikisha 60 karibu na mwaka 2036. Kwa hiyo karibu kila mtu anayestaafu kwa umri leo, na kwa miaka kadhaa ijayo, yuko kwenye mpango wa zamani isipokuwa alijaza fomu ya kuhama kwa hiari yake. Usisikilize maneno ya chumba cha walimu eti "sisi sote tulihamishwa." Chukua peslipu yako uisome. Ukiona makato ya PSSS ya asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, uko mpango mpya. Usipoyaona, uko wa zamani. Angalia pia kama kuna makato ya asilimia 2 yaliyoandikwa WCPS. Hayo ni ya pensheni ya wajane na watoto, nitayarudia mwishoni.

Pili: jua siku yako

Umri wa kustaafu ni miaka 60 tangu Aprili 2009. Kabla ya hapo ulikuwa 55. Watu wenye ulemavu waliosajiliwa wanaruhusiwa kufanya kazi hadi 65, ila lazima ulemavu huo uwe umetambuliwa na mwajiri mapema. Usilete cheti wiki ya kuondoka.

Tarehe ya kuzaliwa inayohesabiwa ni ile uliyoijaza ulipoajiriwa mara ya kwanza. Hapa watu wa upande wetu huumia. Wengi walizaliwa nyumbani, wakakadiriwa mwaka, kisha baadaye wakachukua cheti cha kuzaliwa chenye mwaka mwingine na kitambulisho kikafuata cheti. Mtu anahesabu siku zake kwa kitambulisho, ofisi inahesabu kwa faili. Nimeona mwalimu akiletewa barua ya kustaafu akiwa amepanga kufundisha miaka miwili zaidi, tena akiwa na mkopo wa Sacco uliohesabiwa hadi mwisho wa hiyo miaka miwili. Hakuna rufaa ya maana hapo. Omba uone tarehe iliyo kwenye kumbukumbu zako ukiwa bado na nafasi ya kupanga.

Unaweza pia kustaafu kwa hiari ukifikisha miaka 50, mradi umefanya kazi miaka 10 au zaidi. Hesabu ni ile ile, ila miezi ni michache, kwa hiyo pensheni ni ndogo. Na tafadhali usichanganye kustaafu mapema na kujiuzulu. Kwenye mpango wa zamani, anayeandika barua ya kujiuzulu akiwa na miaka 43 kwa sababu amepata kazi kwenye shirika Kisumu anaacha pensheni yake mlangoni. Anayefukuzwa kazi kwa makosa ya nidhamu vilevile huipoteza. Neno unaloliandika kwenye barua ya kuondoka lina uzito wa pesa. Muulize afisa wa wafanyakazi kabla hujaitia sahihi.

Anayeondolewa kwa ugonjwa baada ya kupimwa na bodi ya madaktari hangojei umri. Malipo yake yanaanza kushughulikiwa tangu hapo. Na asiyetimiza miaka 10 ya kazi hapati pensheni ya kila mwezi, hulipwa mara moja tu.

Tatu: fanya hesabu yako mwenyewe

Hesabu ya mpango wa zamani si siri na haihitaji kompyuta. Kila mwezi kamili wa kazi unakupa sehemu moja ya 480 ya mshahara wako wa mwaka. Mshahara unaohesabiwa ni wa msingi. Marupurupu ya nyumba, ya usafiri na ya mazingira magumu hayamo. Hapo ndipo wengi hupigwa na butwaa, maana wamezoea kuishi kwa jumla ya peslipu nzima.

Tuchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 30 kamili, yaani miezi 360.

Mshahara wa mwaka: 60,000 mara 12, sawa na 720,000.
Zidisha kwa 360, gawanya kwa 480: unapata 540,000. Hiyo ndiyo pensheni nzima ya mwaka, sawa na 45,000 kwa mwezi.

Sasa una uamuzi. Unaweza kuichukua pensheni yote hivyo, bila mkupuo. Au unaweza kuuza robo yake, na karibu kila mtu hufanya hivi. Robo ya 540,000 ni 135,000; serikali inaizidisha mara 20 na kukupa 2,700,000 kwa mkupuo mmoja. Hicho ndicho watu wanakiita kiinua mgongo. Robo tatu iliyobaki, 405,000 kwa mwaka, inakuwa 33,750 kila mwezi hadi siku unapofunga macho.

Tazama ulichouza. Umeachia 11,250 kwa mwezi ili upate milioni mbili na laki saba leo. Pesa hizo ukizigawa kwa 11,250 zinatosha miezi 240, yaani miaka 20. Aliyestaafu na miaka 60 angelazimika kufika 80 ndipo robo aliyoiacha ilingane na mkupuo aliouchukua, hata kabla ya kuhesabu mfumuko wa bei. Kwa mtazamo wangu, kuchukua mkupuo kuna maana kwa watu wengi, hasa mwenye deni la nyumba au mtoto chuoni. Lakini uamuzi huo hujazwa kwenye fomu kabla ya siku ya kustaafu na haubadilishwi baadaye. Mwenzako wa maisha aione fomu hiyo. Mama mmoja wa Mumias aliniuliza kwa nini mumewe alikuwa akipokea kidogo kuliko jirani yao wa daraja lile lile. Jirani hakuuza robo.

Kwa kuwa hesabu inashikilia mshahara wa mwisho, nyongeza ya mshahara inayokuja karibu na siku yako ina uzito mkubwa. Historia yake tunaijua vizuri. Mwaka 1997 walimu walikubaliana na serikali kuhusu nyongeza iliyolipwa kwa awamu. Waliostaafu katikati ya awamu hizo walikokotolewa kwa mshahara wa chini, wakaenda kortini, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawapa haki. Maelfu yao walingoja miaka mingi baada ya hukumu, na wengine walizikwa kabla ya kuona shilingi. Kwa hiyo kama kuna nyongeza iliyotiwa sahihi na siku yako iko karibu, hakikisha peslipu zako za miezi ya mwisho zinaionyesha. Usipoiona, andika barua ukiwa bado kazini.

PSSS ni mambo mengine. Unachangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaongeza asilimia 15, pesa zinawekezwa, nawe unapostaafu unapata kilichokusanyika pamoja na faida yake. Kwa mshahara wa msingi wa 40,000, hizo ni 3,000 zako na 6,000 za serikali kila mwezi. Ukistaafu unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja taslimu. Inayobaki inanunua malipo ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima au inawekwa kwenye mfuko unaokutolea kidogo kidogo. Miaka uliyofanya kazi kabla ya 2021 haipotei, inahesabiwa kwa sheria ya zamani, kwa hiyo mtu wa namna hiyo atapokea kutoka pande mbili na atahitaji kufuatilia zote mbili. Taarifa ya akaunti yako ya PSSS iombe kila mwaka uilinganishe na peslipu.

Nne: jenga faili, na anza mwaka mmoja kabla

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utalipwa baada ya miezi michache au utaanza kuwatafuta watu wa kukujua. Usingoje barua ya notisi ya kustaafu. Mwaka mmoja kabla, nunua faili gumu, uanze kukusanya nakala za haya: barua ya kwanza ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kwenye masharti ya kudumu yenye pensheni, barua za kupandishwa daraja na za uhamisho, kitambulisho, PIN ya KRA, kadi ya benki au taarifa ya akaunti inayoonyesha jina na namba, peslipu za karibuni, picha za pasipoti, barua ya notisi ya kustaafu ikifika, cheti cha kutodaiwa kutoka kituo chako cha kazi, na tamko la mwisho la mali na madeni. Kuna pia fomu za Idara ya Pensheni utakazopewa na mwajiri, ikiwemo ile ya kuchagua mkupuo.

Sasa kaa mezani na karatasi hizo, mwanga mzuri, miwani puani, usome majina. Herufi kwa herufi. Barua ya 1991 iliyopigwa kwa taipureta imeandika "Nafulah", kitambulisho kinasema "Nafula". Benki imemsajili kwa majina mawili, TSC inamjua kwa matatu, na jina la ubini limeachwa kwenye cheti cha ndoa. Macho ya kijijini yanaona mtu mmoja. Afisa wa Nairobi anayeidhinisha mamilioni haoni mtu mmoja, anaona watu watatu, na anarudisha faili. Si roho mbaya. Angeidhinisha malipo kwa mtu asiyelingana na karatasi, yeye ndiye angejibu kwa mkaguzi.

Tofauti ndogo ya herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikieleza kwamba majina yote ni ya mtu yule yule. Jina lililobadilishwa kabisa, kwa ndoa au kwa dini, linataka hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hivi mwaka mmoja kabla. Mwombaji aliyekwisha kustaafu hufanya kazi hii bila mshahara.

Tazama pia mapengo. Kama ulichukua likizo bila malipo kwenda kusoma Maseno, miezi hiyo inaweza kukatwa kwenye hesabu. Kama ulisimamishwa kazi kisha ukarudishwa, barua ya kurudishwa iwe ndani ya faili, la sivyo utaonekana kama uliyeondoka na kuajiriwa upya. Na ninyi wa hospitali na kilimo mliohamishiwa kaunti mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, barua ya uhamisho huo ni dhahabu. Bila hiyo, kaunti itasema wewe ni wa wizara, na wizara itasema wewe ni wa kaunti, na wewe utakuwa unapanda matatu kati ya ofisi hizo mbili kama mpira unaopigwa huku na huku.

Cheti cha kutodaiwa kinaonekana kidogo lakini kinaweza kukalia faili mwezi mzima. Vitabu vya shule, kompyuta, nyumba ya serikali, mkopo wa serikali wa gari, mshahara uliolipwa kupita kiasi kwa makosa ya ofisi. Deni lolote la serikali hukatwa kwenye kiinua mgongo kabla hakijakufikia. Afadhali ulijue deni lako na ulipinge ukiwa na ofisi ya kukusikiliza.

Toa nakala tatu za kila kitu. Moja ya ofisi, moja yako nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini ambaye haishi nyumba hiyo hiyo. Moto na mafuriko ya Budalang'i havichagui makaratasi.

Tano: fuata faili linavyotembea

Kwa mwalimu, faili linaanzia shuleni na kwenye ofisi ya TSC ya kaunti, likaenda makao makuu ya TSC Upper Hill. Huko wanathibitisha utumishi wako, wanakokotoa, kisha wanapeleka madai Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa iliyo Bima House, Harambee Avenue. Kwa mtumishi wa wizara, madai yanaandaliwa na ofisi ya wafanyakazi ya wizara yake na kupelekwa huko huko.

Bima House inasajili madai, inayakagua, inayahesabu upya, inayapitisha kwa wakaguzi, inatoa idhini ya mkupuo, halafu inakuingiza kwenye orodha ya malipo ya kila mwezi na kukupa namba ya pensheni. Iandike namba hiyo mahali watoto wako wanaweza kuipata.

Kwa hiyo unapouliza "imefika wapi?", uliza swali linalojibika. Usiulize "pensheni yangu iko tayari?" Uliza: madai yangu yametoka TSC tarehe gani, na kwa barua ya kumbukumbu gani? Bima House imeyapokea? Yamerudishwa? Yamerudishwa kwa kosa gani? Mtu wa meza ya huduma anaweza kujibu maswali hayo kwa dakika mbili akiangalia mashine yake. Lile la "iko tayari?" atakujibu "bado", na utarudi nyumbani na "bado" yako.

Huna haja ya kupanda basi la usiku kwenda Nairobi kwa ajili ya hilo. Huduma Centre za Kisumu, Kakamega, Nakuru na kaunti nyingine zina meza ya pensheni; beba kitambulisho na namba yako ya kazi. Safari ya Nairobi iweke akiba kwa siku faili limerudishwa na wanataka karatasi asilia.

Kuna hatua moja watu hawaijui. Faili linaweza kuwa limekamilika kabisa, idhini imetoka, na pesa bado hazijaingia. Pensheni hulipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, na kila pesa zinazotoka huko lazima Hazina izitoe na Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe. Makusanyo ya kodi yakiwa madogo, Hazina huchelewesha, na mikupuo ndiyo huumia kwanza kwa sababu ni mikubwa. Hapo hakuna fomu uliyosahau, na hakuna mtu wa kumpa chai.

Nikisema chai: hakuna ada ya kushughulikia pensheni. Hakuna. Anayekupigia simu akisema ni "afisa wa Bima House", anajua jina lako na namba yako ya kazi, na anataka elfu tano kwa M-Pesa ili "faili lisogezwe", ni mwizi. Wanapata majina kwa njia nyingi, hata kwa kuwasikiliza wazee wakipiga gumzo kwenye foleni. Mwambie akutumie barua rasmi, kisha ukate simu.

Sita: panga miezi ya katikati

Mshahara unakoma mwezi wa mwisho wa kazi. Mkupuo na pensheni ya kwanza huja baadaye, na si lazima vije pamoja. Mara nyingi kiinua mgongo kinatangulia, kisha malipo ya kila mwezi yanaanza pamoja na malimbikizo ya tangu siku uliyostaafu. Malimbikizo hayo ni haki yako, yaangalie yakiingia.

Weka akiba ya matumizi ya angalau miezi sita, na ukiweza mwaka. Punguza mikopo ya Sacco mapema. Wakopeshaji wengi wanategemea kukata kwenye kiinua mgongo, na wengine wanakupa mkopo mpya wa "kusubiri pensheni" wenye riba ya kukukaba. Bima ya afya ya kazi inaisha pia, kwa hivyo jisajili SHA, bima ya afya ya taifa, kwa jina lako kama mtu asiye na mwajiri na ulipe mchango wako mwenyewe kabla hujaugua.

Kodi: tangu tarehe 27 Desemba 2024, malipo ya pensheni na ya mkupuo kwa mtu aliyefikisha umri wa kustaafu hayatozwi kodi ya mapato. Zamani kulikuwa na kiwango cha msamaha, na kilichozidi kilikatwa. Ukiona makato ya kodi kwenye malipo yako, uliza kwa maandishi.

Na wale wanaokuja na mipango ya kile kiinua mgongo, viwanja vya Njoro na Bahati, mashine ya kusaga, matatu ya nusu kwa nusu na shemeji: wape miezi mitatu ya kusubiri. Kiwanja kizuri bado kitakuwepo. Kile kisichoweza kungoja utafutaji wa hati kwenye ofisi ya ardhi si kiwanja cha kununua na jasho la miaka thelathini.

Saba: ukianza kulipwa

Akaunti ibaki ile ile. Ukitaka kuhamia benki nyingine, usifunge ya zamani hadi malipo mawili yaingie kwenye mpya. Idara ikikutaka uthibitishe kwamba ungali hai, fanya hivyo mara moja. Pensheni iliyosimamishwa inachukua muda kuliko fomu ile. Na mstaafu anayepokea pensheni hana nafasi kwenye Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo usimlaumu chifu akiliruka jina lako.

Nane: ukifa

Najua hatupendi kulisema, lakini faili la marehemu ndilo gumu kuliko yote niliyoyashika.

Kwenye mpango wa zamani, mwenye kufa akiwa kazini hulipiwa mkupuo wa kifo, na wategemezi wake, mke au mume na watoto, hupata pensheni ya miaka mitano tangu siku ya kifo. Mstaafu aliyekuwa akipokea pensheni akifa, wategemezi nao hulipwa miaka mitano. Baada ya hiyo mitano, kama marehemu alikuwa akikatwa asilimia 2 ya WCPS, ndipo pensheni ya wajane na watoto inaanza. Wajane wengi hawajui kipande hiki cha mwisho. Malipo yanakoma mwaka wa tano, wanadhani yameisha, wanakaa kimya. Kama ni wewe, au mama yako, nenda Huduma Centre uulizie WCPS kwa jina hilo.

Kwenye PSSS, mwanachama akifa akiwa kazini kuna bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka, pamoja na kilicho kwenye akaunti yake. Fomu ya wanufaika aliyoijaza ndiyo inaanza kusomwa, basi isomeke hali ya leo na si ya mwaka ulioajiriwa.

Mkupuo wa kifo hautolewi mkononi kwa mjane kwa sababu tu analia vizuri. Hutakiwa msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama, au Mdhamini wa Umma ambaye ana ofisi katika miji kama Kisumu na Nakuru. Watakaohitajika mbele yake ni wale walio kwenye barua ya chifu inayotaja warithi wote. Kwa familia zenye nyumba zaidi ya moja, na zetu nyingi ni hizo, barua hiyo ikiacha nyumba moja nje, kesi itafunguliwa na pesa zitalala miaka. Ikusanye familia yote kabla ya kwenda kwa chifu. Beba cheti cha kifo, vitambulisho vya wajane, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na uthibitisho wa ndoa. Ndoa ya kimila ikiwa haina cheti, iandikiwe hati ya kiapo na wazee waliohudhuria mahari wakiwa bado wapo wa kuitia sahihi.